Nywele Haziigizwi

Duka nililokuwa nauza mitumba pale Somanda, mjini Bariadi, lilitazamana na banda la video, barabara ya vumbi ikiwa katikati. Kwa hiyo suala la kupenda au kutopenda filamu halikuwa langu kuamua. Mwenye banda alitundika spika juu ya mlango, na kuanzia saa nane mchana, genereta likishanguruma, mtaa mzima tulikuwa wateja wake, waliolipa na wasiolipa.

Ilikuwa ile miaka ya soko huria, kila mwenye ukuta alipotoboa dirisha akaita duka. Wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia na magari yao, nguo kuukuu zilikuja kwa marobota, na watu tuliowahi kupanga nao foleni ya sukari sasa walikuwa nyuma ya kaunta wakituuliza tunataka nini. Simiyu wakati huo kwetu lilikuwa jina la mto. Kimkoa tulihesabiwa Shinyanga. Mimi nilikuwa nimeolewa, nikaachika bila mtoto, nikapanga chumba karibu na hospitali. Wapangaji wenzangu walikuwa wauguzi wa zamu, kwa hiyo nilipokuwa ndani wao walikuwa kazini, na walipokuwa ndani walilala. Watu wakiniuliza kama sijisikii upweke niliwajibu kwa ukali kwamba mwenye kazi hana nafasi ya upweke. Huo ulikuwa uongo. Kuna siku nilikuwa nawapigia wateja soga wasiyoitaka ili tu wasiondoke.

Mwenye banda hakuwa mjinga. Picha yenyewe hakuianzisha mpaka mabenchi yajae, maana mafuta ya genereta hayaokotwi. Lakini akikaa kimya wapita njia wanapita. Basi alikuwa anaweka yale matangazo ya filamu zijazo yaliyopo mwanzoni mwa mkanda, yakiisha anarudisha nyuma, anayaweka tena, sauti juu kabisa, hivyo hivyo mpaka watu wajae. Yeye aliyaita trela. Sisi trela tuliyoijua ni ile inayobeba pamba, lakini neno likazoeleka upesi, kama yalivyozoeleka mengine yote miaka ile.

Siku yenyewe nilikuwa nakung'uta makoti mazito ya baridi. Sijui nani huko Ulaya aliyemwambia mwenzake kwamba Bariadi tunayahitaji. Spika ikalia muziki wa huzuni, halafu kijana akasema, kwa sauti iliyokatika katikati: "Mama, umeniachia nani?"

Niliijua ile sauti kabla sijaelewa ninachokijua. Ilikuwa ya mdogo wangu.

Tulizaliwa wengi kwetu Sapiwi, tukabaki wawili. Baba alipofariki, mdogo wangu alikuwa amemaliza darasa la saba na hana pa kwenda. Alimaliza matanga, akachunga ng'ombe kwa muda, kisha siku moja akapanda gari lililobeba marobota ya pamba kwenda Dar es Salaam. Hakuaga. Hakuandika. Mavuno yalipita, na mengine yakapita, na habari pekee tuliyoipata ilikuwa ya dereva wa basi aliyedai kamwona mjini "kwenye mambo ya maigizo." Mama aliulizwa habari zake kila alipokwenda kisimani, na kila mara ilibidi ajibu kwamba hajambo. Ukiwa na mwana asiyekumbuka nyumbani, watu wa kwetu hawakusemi. Wanakuuliza tu habari zake, kwa upole, kila siku. Ni bora wangekusema.

Nilivuka barabara na koti mkononi. Mlango wa banda ulikuwa na pazia la nailoni nyeusi, na ndani mlikuwa na harufu ya jasho na moshi wa genereta. Mwenye banda akanitania, "Leo dada yetu kapotea njia?" Nikasimama pale pembeni nikingoja mkanda urudi nyuma.

Mwanzoni sikumwona. Nilimwona kijana mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, amekaa kwenye sofa lenye vitambaa vya kufuma. Nikamwona anakimbia barabarani. Nikamwona msichana anampiga kofi, naye anashika shavu kwa mbwembwe ambazo hata mtoto wa chekechea asingezifanya. Nikajisemea, si yeye, nimechanganyikiwa. Kisha wakamwonyesha ameegemea gari la watu, mguu mmoja chini, wayo wa mguu mwingine ameukanyagisha kwenye goti. Kusimama hivyo ni kwa mtu aliyekua akilinda ng'ombe kutwa akiwa na fimbo. Sidhani kama mtu wa Dar alimfundisha. Hapo nikashikilia mlango.

Halafu ikaja hospitali. Mwanamke mnene amelala kitandani, na mdogo wangu anamwita mama. Halafu kaburi. Watu wanatupa udongo, yeye amepiga magoti pembeni, kichwa kimenyolewa hadi kinang'aa. Anainua uso, machozi na kamasi vinamtoka, anasema lile neno lake, "Mama, umeniachia nani?" Skrini inakuwa nyeusi, na mwanamume mwenye sauti nzito anatangaza, "Hivi karibuni!"

Ndiyo ilikuwa trela yote. Picha nzima haikufika Bariadi, au kama ilifika sikuwa nimesimama mahali pa kuiona. Kwa hiyo ninachokijua kuhusu sanaa ya mdogo wangu ni hicho kipande tu, na maoni yangu ninayo. Alikuwa anaigiza vibaya. Kukasirika alikasirika kama jogoo, kucheka alicheka meno tu. Wanasema dada ndiye mkosoaji mbaya kuliko wote, na ni kweli, kwa sababu dada anajua ukicheka kweli unachekaje. Lakini pale kaburini sikuwa na la kusema. Pale alilia kama alivyomlilia baba.

Tangu hapo nikaanza kuishi na sauti yake. Nikiwa napima mtu suruali, spika inauliza, "Mama, umeniachia nani?" Nikiwa nakula chakula changu cha mchana nyuma ya marobota, inauliza. Mtaa mzima uliikariri. Wauza karanga waliitumia kutaniana, muuzaji akiishiwa anamwambia mwenzake, "Mama, umeniachia nani?" na wote wanacheka. Mimi nilikuwa nageuka kila inaposemwa. Alikuwa karibu nami kuliko alivyowahi kuwa tangu aondoke, na sikuweza hata kumwambia afute kamasi.

Nilijaribu kuwaambia watu. Vijana wa kwenye banda walikuwa wakibishana kama steringi atakufa au la, wengi wakishikilia kwamba steringi hafi, na mimi nikasema kwamba huyo steringi ni mdogo wangu, tumbo moja. Wakacheka. Mmoja akasema, "Na mimi Rais ni mjomba wangu, ila tumegombana." Nikarudi dukani. Tangu siku hiyo wakiniona walikuwa wakinisalimia "dada wa steringi," nami nikaitika, kwa kuwa hata utani ni aina ya kukumbukwa.

Mama alikuja mjini siku ya mnada, na kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, kichwani. Nilikuwa nimejipangia namna ya kumwambia. Nilitaka kwanza anywe maji, akae, nimwandae pole pole. Lakini spika haikuniuliza. Nilimwona akitokea upande wa hospitali, akafika katikati ya barabara, na sauti ikamfikia hapo. Alisimama. Baiskeli zikampita huku na huku, mwenye mkokoteni akamfokea, yeye amesimama tu, mkono mmoja umeshika kikapu. Nilikimbia nikamshika kiwiko.

"Yuko wapi?" akaniuliza.

"Yuko kwenye video, mama."

"Nipeleke."

Walipomwona anaingia, wale vijana wenye midomo walinyamaza, wakamsalimia "Mwadila, mayu," wakampisha benchi la mbele. Alikaa na kikapu mapajani. Mwenye banda akaniangalia, akaniona usoni kwamba leo hakuna utani, akarudisha mkanda mwanzo. Mama aliangalia bila kupepesa. Ilipoisha akasema, "Tena." Akaangalia tena. Hakulia. Pale kichwa kilichonyolewa kilipoonekana aliinama mbele kidogo, kama mtu anayetaka kuchungulia ndani ya chungu.

Tulipotoka nje akaniuliza swali ambalo sikuwa nimelitarajia hata kidogo.

"Nani amemwambia kwamba nimekufa?"

Nikamweleza. Nikamwambia ile ni filamu, ni mchezo, yule mwanamke si mama yake, na lile kaburi huenda halina mtu. Alinisikiliza kwa uvumilivu, kama mimi ndiye ninayehitaji kueleweshwa.

"Mchezo naujua," akasema. "Wacheza ngoma wetu kila mavuno wanajifanya wamekufa, wanabebwa, wanalia, watu wanashangilia. Machozi yanaigizwa. Maziko yanaigizwa. Nywele haziigizwi. Nimemnyoa mimi kwa mikono yangu alipomzika baba yake, na hapa ananyolewa tena. Kichwa kile nakijua. Ana kovu nyuma ya sikio. Zile nywele zilikatwa kweli."

Na ni kweli, zilikatwa.

"Mtoto hanyoi kwa ajili ya mama aliye hai," akaendelea. "Hata mwehu hafanyi hivyo. Kuna mtu amempelekea habari ya uongo huko Dar. Ndiyo maana haji. Aje kwa nani?"

Na hapo nikaona uso wake ukibadilika, ukawa uso ambao sikuwa nimeuona tangu baba akiwa hai. Alikuwa amefurahi. Sijui kama mtu mwingine angeweza kuliona, ila mimi niliona. Miaka yote ile alikuwa mama aliyetupwa, na sasa alikuwa mama aliyeliliwa. Mwanawe hakumsahau; alimlilia, akamnyolea nywele, akauliza mbele ya watu kaachiwa nani. Kosa lilikuwa la mtu mwingine. Kisha, pale pale kando ya barabara, akaweka kikapu chini, akaingiza mkono kifuani, akashika ziwa lake.

Kwetu mwanamke aliyezaa akishika ziwa akatamka neno, hakuna anayebaki na kicheko. Muuza karanga alisogeza sinia lake.

"Aliyesema nimekufa," mama akasema kwa Kisukuma, taratibu, "na yeye asipate wa kumzika."

Akajitwisha kikapu chake, akaenda mnadani.

Baada ya hapo hakushikika. Sapiwi nzima iliambiwa. Katekista alikwenda kumweleza kwamba sinema ni kama yale maigizo ya Krismasi kanisani, ambapo mtoto wa jirani anakuwa Herode na hatumwogopi. Mama akamuuliza kama Herode wa Krismasi ananyolewa nywele. Katekista akarudi kwake. Wiki iliyofuata mama akaja tena mjini, safari hii akiwa amevaa kitenge chake cha kanisani, akataka nimpeleke kwa wakala wa redio.

Wakala alikuwa na duka la vifaa vya shule. Alikusanya kadi za salamu na matangazo, akayatuma Dar kwa basi, na siku ya kusomwa watu walikaa karibu na redio zao. Nilimweleza shida yetu kwa sauti ya chini. Akamtazama mama, akanitazama mimi.

"Nina tangazo la kifo," akasema, "nina la harusi, nina la kupotelewa na mtu au mali. Sasa hili la mtu kuwa hai, tuliweke wapi?"

"Liweke kwenye vifo," mama akasema. "Huko ndiko alikosikia."

Walibishana kwa heshima. Mwishowe likaandikwa kwenye kupotelewa. Lilisema kwamba mama fulani wa Sapiwi, Bariadi, anamtangazia mwanawe, kwa jina lake kamili, aliyeko Dar es Salaam kuwa yeye ni mzima wa afya, habari za kifo chake ni za uongo, na mwana popote alipo afike nyumbani au apige simu duka fulani la nguo, Somanda. Hilo lilikuwa duka letu. Tajiri wangu, mwenye duka, alikuwa na simu ya mezani, ya kwanza upande ule wa barabara, akaikubali itumike bila kuuliza mengi. Alikuwa mtu wa dini, baba yake wa Ujiji na mama yake wa Tabora, na alisema tu kwamba mtu akitafuta mwanawe humfungii mlango.

Lilisomwa jioni, jua likiwa bado lipo. Tulilisikiliza dukani, mimi, tajiri na wateja wawili. Baada ya tangazo la mzee wa watu aliyefariki kusini huko, yule mtangazaji mwenye sauti ya msiba akamtaja mama yangu kuwa ni mzima wa afya, bila kubadilisha sauti hata kidogo. Mteja mmoja akasema, "Poleni." Halafu akajiona amekosea, akasema, "Hongereni."

Simu ililia siku chache baadaye, asubuhi. Tajiri akapokea, akanipa mkono wa simu.

"Dada," sauti ikasema. Haikuwa ya spika. Ilikuwa nyembamba, na ilikuwa na haraka. "Nani aliyewatuma redioni?"

Hakuniuliza habari. Hakuniuliza nyumbani kukoje. Nilikuwa nimejiandaa kulia, machozi yakarudi yalikotoka.

"Mama kaona picha yako," nikasema. "Kaona umenyoa. Anadhani umeambiwa amekufa."

Kisha akacheka kidogo, kile kicheko cha meno.

"Dada, ile ni filamu."

"Mwambie wewe. Mimi nimeshindwa."

"Mmeniharibia. Watu wote hapa wamesikia. Jina langu, Bariadi, kila kitu. Mwongozaji ameniita."

"Umeharibiwa nini na mama yako kuwa mzima?"

Nilisema kwa sauti kubwa. Tajiri akajifanya anahesabu vifungo vya shati. Upande wa pili nikasikia honi za magari ya Dar, na mdogo wangu aliposema tena sauti ilikuwa imeshuka, imekuwa ya yule niliyemjua.

"Tulikuwa wengi siku ile ya kuchaguliwa," akasema. "Mwongozaji akatoka nje akauliza nani kati yetu hana mama. Alitaka mtu anayeujua huo uchungu. Wenye mama wakaambiwa warudi nyumbani. Dada, nilikuwa sijala. Nikanyoosha mkono."

"Ukasema amekufa."

"Nikanyoosha mkono tu."

"Wakakuuliza, ukasema amekufa."

"Nikasema amekufa."

Sijui kwa nini niliuliza lililofuata. Labda kwa sababu nilikuwa nimeliangalia mara nyingi mno.

"Na pale kaburini, ulikuwa unamlilia nani?"

"Mama."

"Yupi? Yule mnene?"

"Dada," akasema, "mama ni mmoja." Kisha kukawa na watu wanaongea karibu naye, akasema atapiga tena, na simu ikakatika. Hakupiga tena.

Nilikaa juu ya robota. Tajiri akaja akasimama karibu, mikono nyuma. Alikuwa amesikia upande wangu, na upande wangu ulitosha. Ile siku ya ziwa alikuwepo mlangoni.

"Binti," akasema, "mama yako alimlaani mtu asiyemjua. Sasa wewe unamjua."

"Nikimwambia nitamuua, mzee."

"Usipomwambia, lile neno litabaki njiani linamtafuta mwenyewe. Laana ya mama haipotei njia."

Akarudi kwenye kaunta. Mimi nikabaki na ile habari, nikaibeba siku nzima, na kesho yake. Ng'ambo ya barabara mkanda ulikuwa bado unazunguka. Nilikuwa sina mtu wa kugawana naye. Nilifikiria kumwambia mama kwamba simu haikulia kamwe, abaki na furaha yake ya kuliliwa, maana haikuwa kubwa na haikumdhuru mtu. Lakini ilikuwa inamdhuru mtu. Mimi si mshirikina, ila nimezaliwa Sapiwi, na nilipomfikiria mdogo wangu akivuka barabara za Dar na lile neno likiwa juu ya kichwa chake kitupu, nilishindwa kula. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wanasema. Hawajasema ni nani aujuaye wa dada.

Jumapili, baada ya misa, nilikwenda Sapiwi. Mama alikuwa uani, ameketi kwenye ngozi, lundo la pamba mbele yake, anachambua: nyeupe safi upande huu, iliyopata madoa, ile tuiitayo fifi, upande ule. Nikamwamkia, nikakaa, nikaanza kuchambua naye. Hiyo ndiyo namna tuliyoijua ya kuongea, mikono ikiwa na kazi na macho yakiwa chini.

"Amepiga?" akauliza.

"Amepiga."

"Umemwambia mimi ni mzima?"

"Anajua, mama."

Nikamweleza yote. Sikupunguza wala sikupamba. Nilimwambia kuhusu wenye mama kurudishwa nyumbani, kuhusu kunyoosha mkono, kuhusu njaa, na kuhusu kaburi na aliyekuwa akimlilia. Wakati naongea nilikuwa naangalia mikono yake. Haikusimama. Iliendelea kuchambua, ila fifi zilianza kwenda upande wa safi, moja, nyingine, na nyingine.

"Kwa kinywa chake mwenyewe?" akauliza.

"Kwa kinywa chake."

Ule uso wa furaha ulizimika. Niliuona ukizimika, na mimi ndiye niliyeuzima, na ningekuwa na mahali pa kukimbilia ningekimbia. Ng'ombe wa jirani wakapita na vumbi lao. Nilidhani atalia. Nilidhani labda atanipiga mimi, niliyekuwa karibu.

"Kalete maji," akasema. "Kwenye kibuyu."

Nikaleta. Akasimama kwa kushika bega langu, akanipeleka kwenye lango la zizi. Neno lililotoka kwa hasira kwetu linarudishwa kwa maji: aliyelisema anajaza maji kinywani, anayatema chini, anamwaga hasira kwa maneno, kisha anajaza tena na kumpulizia aliyeambiwa. Nimeona ndugu wakifanyiana hivyo baada ya kugombania urithi. Lakini aliyeambiwa lazima awepo.

"Hayupo, mama," nikasema.

"Simama wewe," akasema. "Tumbo ni moja. Tazama jua linakotoka, huko ndiko aliko."

Nikasimama. Akapiga funda la kwanza, akalitema chini. Kisha akaanza kusema, na hakusema na mimi.

"Ng'wanangu," akasema. "Ulikuwa na njaa. Mimi nilikuwa hapa na chakula, wewe ulikuwa huko na njaa, hilo ni langu. Mdomo wenye njaa unasema lolote. Ulisema nimekufa, nami nikasema usizikwe. Tumekosana bila kuonana. Sasa nimelirudisha. Una mama. Una wa kukuzika na wa kukupikia. Ukirudi na kitu au bila kitu, mlango ni ule ule. Wewe ndiye niliyekuwa nakungoja. Nakupenda, ng'wanangu."

Akapiga funda la pili, akanipulizia maji usoni. Yalikuwa ya vuguvugu, ya kinywani mwake. Akaniwekea kiganja utosini, akakibonyeza pale, kwa muda mrefu.

Nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini. Nilipoachika nikarudi nyumbani na begi langu, mama huyu huyu aliniambia niweke sufuria motoni, basi, maisha yakaendelea. Sikumlaumu, mimi nilikuwa yule aliyepo, na aliyepo hapewi hotuba. Maneno yale nilikuwa sijawahi kuyasikia yakielekezwa upande niliosimama. Nilisimama nikayapokea yote, maji yakinitiririka shingoni, na hakuna hata moja lililokuwa langu.

"Umesikia?" akauliza. Anayepuliziwa lazima aitike, la sivyo maji yamemwagika bure.

"Nimesikia, mama," nikaitika kwa niaba ya mdogo wangu.

Mama akachukua ncha ya kitenge, akanifuta uso, mashavu, kope, hata nyuma ya masikio. Hapo nyuma ya sikio vidole vyake vilisita, vikipapasa kitu ambacho mimi sina. Akanitazama. Kisha akarudi kuketi kwenye ngozi, nami nikaketi mbele yake, nikaanza kuzitoa zile fifi kwenye safi.